Sauti yako si mbovu, wimbo ndio uko juu

Msomaji ameniandikia: "Mwalimu, nina miaka 34 na sauti yangu ni nzito kuliko za rafiki zangu wote. Tukienda karaoke wao huchagua ABBA, Whitney Houston, Celine Dion, Spice Girls, na watu wote huinuka. Mimi naanza vizuri, lakini kiitikio kikifika koo linakaba, naishia kupiga kelele au kunyamaza. Kwa nini wanawake tunazipenda nyimbo hizi hizi? Na mimi mwenye sauti ya chini niimbe nini?"

Dada, nianze na la koo, maana ndilo linalokuuma. Sauti yako haina kasoro. Unaimba katika ufunguo wa mtu mwingine. Ufunguo, au "ki" kama wapiga vyombo wanavyosema, ndio unaoamua wimbo ukae juu au chini, na kila rekodi unayoijua iliwekwa pale ambapo koo la mwimbaji mmoja liling'aa. Wewe umekuta nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mwenzio, ukaivaa, ikabana kwapani, ukaanza kuulaumu mwili wako.

Wanawake wengi wasiosomea uimbaji hustarehe kuanzia kama noti ya G au A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda, hadi karibu na C ya oktava inayofuata. Kabla hujaifikia hiyo C ya juu, pale kwenye A na B, sauti ya kifua, ile nzito ya kuzungumza, huanza kutaka kukabidhi mzigo kwa sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Watunzi wanajua. Noti ndefu ya kiitikio huwekwa hapo hapo mpakani, kwa sababu sauti iliyo karibu kupasuka husikika kama sauti inayolia, na nywele za msikilizaji husimama. Mwimbaji aliyefundishwa huuvuka mpaka huo bila wewe kujua. Sisi wengine hukisukuma kifua kizima juu, mishipa ya shingo inatutoka. Kwa sauti nzito kama yako mpaka huja mapema zaidi, noti mbili tatu kabla ya wenzako, ndiyo maana wao bado wanacheka wakati wewe umeshakabwa.

Tuuangalie "I Will Always Love You" wa Whitney Houston, wa mwaka 1992. Katika miaka yangu ya kusimamia karaoke sijaona wimbo uliowaumbua watu wengi kama huu. Huanza bila chombo hata kimoja, na hapo kila mtu hujiona anaweza. Uko katika ufunguo wa A kubwa. Unatembea taratibu, unapanda kidogo kidogo, halafu muziki unanyamaza, ngoma inagonga mara moja, na wimbo mzima unahamia B kubwa, toni nzima juu zaidi (nusu toni mbili, na nusu toni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), wakati hata pale ulipokuwa tayari ulishaanza kutoka jasho. "My Heart Will Go On" wa Celine Dion, wa 1997, ni mkali zaidi: kutoka E kubwa unarushwa hadi A flati, nusu toni nne kwa mpigo mmoja. Anayeimba huo vizuri kwenye ufunguo wake wa asili si rafiki yako wa kawaida, ni mtu mwenye kipaji au mwenye mwalimu.

Lakini wimbo huo wa Whitney haukutungwa na Whitney wala kwa ajili yake. Dolly Parton aliutunga mwaka 1973 kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kazi katika kipindi cha televisheni, akautoa 1974. Rekodi ya Dolly haina mlipuko popote. Kiitikio kinaongea kwa upole, na ubeti wa mwisho haimbi kabisa, anausema. Uliongoza chati ya kantri ya Marekani mwaka 1974, akaurekodi upya na ukaongoza tena 1982. Maneno ni yale yale yanayowaliza rafiki zako. Mashine nyingi zina matoleo yote mawili kwenye orodha, na watu hulipita la Dolly kama hawalioni. Wewe lichague hilo. Dolly naye sauti yake ni nyembamba, kwa hiyo bado utalishusha kidogo, ila hakuna ngoma itakayokuvizia.

Kushusha. Hapa ndipo wengi huona aibu, kana kwamba wamekiri wameshindwa. Mwaka 1971 huko Kobe, Japani, mpiga kinanda Daisuke Inoue alikuwa akiwasindikiza wateja walioimba kwenye mabaa. Mmoja wao, bosi wa kampuni, alipenda kuimba na Inoue kwa sababu Inoue alijua sauti yake ilivyo na alipiga kwa kuifuata. Bosi akataka kusafiri naye kwenye matembezi ya wafanyakazi, Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu uliopimwa kwa koo la bosi huyo. Kutokana na kanda hiyo akapata wazo la mashine ya karaoke. Hakuichukulia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, akaukosa utajiri ambao wengine waliupata. Kwa hiyo kifaa unachoogopa kukigusa kilianza kama huduma kwa mtu mmoja aliyetaka muziki umfuate yeye.

Mashine zilizofuata zikawa na kitufe cha ufunguo. Bonyeza alama ya kutoa mara moja, muziki wote unashuka nusu toni. Mara mbili, toni nzima. Kasi haibadiliki, na ukumbini hakuna atakayegundua isipokuwa mwanamuziki, naye atakuheshimu. Kwa mwanamke mwenye sauti nzito anayetaka Whitney au Celine, mimi huanzia tatu. Wengine huhitaji nne au hata tano. Ila usishushe kwa kubahatisha, maana ukizidisha kiitikio kitakaa vizuri na ubeti utazama sakafuni, ubaki unanong'ona. Nyumbani tafuta mistari miwili tu: wenye noti ya chini kabisa, na wenye noti ya juu inayovutwa kwa muda mrefu. Huo wa juu uimbe mara tatu mfululizo bila kupumzika, kwa sababu kwenye wimbo utarudi mara tatu, na mara ya kwanza humdanganya kila mtu.

Sasa swali lako la pili, kwa nini ni nyimbo hizi hizi. Watu husema wanawake hupenda nyimbo za mapenzi. Jibu la kivivu. Wanaume nao huimba mapenzi usiku kucha. Nikitazama zinazorudiwa na wanawake mwaka baada ya mwaka, naona nyingi zina msemaji anayesema "mimi" katikati ya uamuzi: anaondoka, anakataa, anadai, au amekwisha kuumia na sasa anasimulia. Mwimbaji hupata dakika nne za kusema kwa sauti kubwa jambo ambalo kwa kawaida angelisema kwa upole au asiliseme kabisa, tena akisindikizwa na vyombo. "I Will Survive" wa Gloria Gaynor ndio mfano wenyewe. Ulitoka 1978 ukiwa upande wa pili wa santuri, upande ambao kampuni haikuutegemea, madijei wakaigeuza. Gaynor aliurekodi akiwa amevaa mkanda wa kushikilia mgongo baada ya kuanguka jukwaani na kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1980 ukampa tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya disko, tuzo iliyotolewa mwaka huo tu na haikutolewa tena.

Na kwa fundi, wimbo huo una siri nyingine. Ubeti na kiitikio vinapita juu ya mzunguko mmoja wa kodi nane (za gitaa, noti zinazopigwa pamoja, si za serikali), unaojirudia mwanzo hadi mwisho. Hakuna daraja, yaani kipande cha kati chenye muziki tofauti, la kukupoteza, hakuna mruko wa ufunguo. Ukipotea mstari mmoja, subiri mzunguko ugeuke na uingie tena. Mtego uko mwanzoni tu, ambapo kinanda hufagia na maneno ya kwanza yanakwenda bila mdundo. Watu hukimbia hapo. Yasome kama unamwambia mtu mmoja aliyesimama mlangoni, ngoma itakukuta.

Kingine kinachonifurahisha ni kwamba baadhi ya nyimbo hizi zilianza midomoni mwa wanaume. "Respect" aliutoa Otis Redding mwaka 1965, mume anayerudi nyumbani akidai aheshimiwe. Aretha Franklin akauchukua 1967, akaongeza kule kulitaja neno herufi kwa herufi, na tangu hapo nani anakumbuka mume alidai nini? "Girls Just Want to Have Fun" uliandikwa na Robert Hazard kwa mtazamo wa kiume. Cyndi Lauper alibadilisha maneno kabla ya kuutoa 1983, akaugeuza wimbo wa wasichana wenyewe. Nikiulizwa kama mwanamke aimbapo wimbo wa mwanamume abadilishe viwakilishi, husema usijisumbue. Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja kwa wote, na Miriam Makeba aliuimba "Malaika", wenye kijana asiye na mali ya kuolea, bila kumgeuza kijana kuwa binti. Hakuna aliyemwuliza mahari ilikuwa ya nani.

Rudi kwa sauti yako. Nyimbo zako zipo, na ni nzuri, ila rafiki zako hawazichagui kwa sababu kwao ziko chini mno. "Waterfalls" wa TLC, wa 1995, beti zake zinaimbwa na T-Boz, ambaye sauti yake ni ya chini kuliko waimbaji wengi wa kike wa wakati ule. Kiitikio ni cha kundi, watu watakupokea. "Dreams" wa Fleetwood Mac, wa 1977, unazunguka kwenye kodi mbili karibu wimbo mzima, na Stevie Nicks anaimba kama anayezungumza na dirisha. Ndio wimbo pekee wa bendi hiyo uliofika namba moja Marekani. Uko salama kiasi kwamba hatari yake ni kuchosha, kwa hiyo usiuimbe ukiwa umesimama kama mlingoti. "What's Love Got to Do with It" wa Tina Turner ulifika namba moja mwaka 1984 yeye akiwa na miaka 44, na haupigi kelele hata kidogo mpaka karibu na mwisho. Tina ambaye watu wanamkumbuka ni wa kelele. Huu ni Tina wa kujizuia, na kujizuia ndiko kunakokufaa.

Halafu Sade. Watu wengi hudhani Sade ni jina la mwimbaji tu. Ni jina la bendi nzima, na mwimbaji ni Sade Adu, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria. "Smooth Operator" wa 1984 unakaa chini, unaenda polepole, na unasamehe mtu aliyechoka. Hausamehe anayetaka kuonyesha nguvu. "Fast Car" wa Tracy Chapman, wa 1988, nao uko chini, ila una maneno mengi, na kisa chake kina mwendo: ukiruka ubeti mmoja watu hawaelewi kwa nini mwisho ni wa huzuni. Luke Combs aliurudia mwaka 2023, ukawa wimbo wa mwaka katika tuzo za CMA, za muziki wa kantri wa Marekani, zaidi ya miaka 30 baada ya kutoka, kwa hiyo hata vijana watakuitikia.

Kuna mmoja ningekuachia kama silaha: "Un-Break My Heart" wa Toni Braxton, uliotungwa na Diane Warren na kutoka 1996. Ubeti wa kwanza uko chini kiasi kwamba rafiki zako wenye sauti nyembamba hawawezi hata kuufikia, wanabaki wanapumua tu. Wewe utaufikia. Kiitikio hupanda, ndiyo, basi ushushe moja au mbili tu, usizidishe, la sivyo utaukosa hata ule ubeti uliokuwa faida yako.

Tahadhari kuhusu Bonnie Tyler. Wanawake wenye sauti nzito hupelekwa kwenye "Total Eclipse of the Heart" wa 1983 kwa kuwa anasikika mzito. Anasikika mkwaruzo, si sawa na mzito. Ule mkwaruzo ulimjia baada ya upasuaji wa vinundu kooni miaka ya 1970, na wimbo wenyewe huanza chini kabisa kisha ukaenda juu sana. Ukijaribu kuutengeneza mkwaruzo kwa makusudi, kesho yake hutaweza kuitikia simu. Uimbe kwa sauti yako safi, ushushe, na ile sauti ya kiume inayomwita mara kwa mara mpe rafiki. Inakupa nafasi ya kuvuta pumzi.

ABBA wana tatizo la aina nyingine. Katika "Dancing Queen", wa 1976, unachokisikia kama sauti moja ni mbili: Agnetha Fältskog na Anni-Frid Lyngstad wanaimba noti zile zile kwa pamoja, na mng'ao unatokana na tofauti ndogo kati yao. Mtu mmoja akiuimba peke yake husikika mwembamba hata akiwa hodari. Nenda na mwenzio, kila mmoja na maiki yake. Jueni pia kwamba wimbo haufunguliwi na ubeti. Kinanda kinateleza na mnatumbukia katikati ya kiitikio. Nimeona watu wazima wamesimama mdomo wazi mstari wa kwanza ukiwapita. Kwa peke yako kuna "The Winner Takes It All" wa 1980, ambao Agnetha anaongoza mwenyewe, uliotungwa baada ya yeye na Björn Ulvaeus kutengana. Hauna fumbo la muziki, karibu vipande viwili tu vya sauti vinavyorudi na kurudi, lakini haukupi mahali pa kupumua. Tia alama mwenyewe kwenye maneno utakapovuta pumzi, na usizibadilishe ukiwa jukwaani.

Spice Girls ni rahisi kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya "Wannabe", wa 1996, ni ya kusema na kufoka kuliko kuimba. Sauti nzito inaupendeza. Kinachoshinda watu ni ulimi.

Umenitajia wanawake watupu, lakini bendi za wanaume zimeishi kwa masikio ya wanawake, na wengi waliozicheka kwa hilo walikosea. Wasichana waliopiga mayowe kwa ajili ya The Beatles walidhihakiwa kana kwamba hawakusikia muziki. Lakini albamu ya kwanza ya hao Beatles, ya 1963, ina nyimbo mbili walizozichukua kutoka The Shirelles na moja kutoka The Cookies, makundi ya wasichana. Mojawapo, "Boys", aliimba Ringo Starr, akisifu wavulana bila wasiwasi. Wasichana wale walikuwa wakisikia muziki wao ukirudishwa na vijana wenye gitaa.

Kwako wewe hapa pana faida. Mwanamke akiimba wimbo wa mwanamume mwenye sauti ya kawaida katika ufunguo wake, hujikuta njia panda: oktava ya juu ni juu mno, oktava ya chini ni mngurumo. Mara nyingi wimbo hutaka kuhamishwa nusu toni nne au tano upande mmoja. Lakini bendi zenye mwanamume aimbaye juu, kama Steve Perry wa Journey, ziko tayari ndani ya eneo la mwanamke. "Don't Stop Believin'" wa 1981 kwa mwenye sauti nzito hushushwa mbili hivi, basi. Kumbuka tu kwamba kiitikio chenye jina la wimbo hakiji mpaka karibu na mwisho. Anayemaliza nguvu kwenye beti hufika huko akiwa mtupu, na hapo ndipo chumba kizima kinataka kuimba naye.

Ningekuwa wewe, jioni ijayo ningeanza na "Waterfalls" bila kugusa kitufe chochote, ili koo lipate moto na wenzako wazoee kukusikia chini. Baadaye Toni Braxton. Dolly awe wa tatu, na mwambie anayeendesha mashine ashushe tatu kabla hujapewa maiki, kwa sababu akibadilisha wimbo ukiwa umeshaanza utasikika umepotea hata kama hukupotea. Ule ubeti wa mwisho ambao Dolly anausema, nawe useme, na maiki uisogeze karibu na mdomo.